Bildad Kaggia: Mwanajeshi Aliyekataa Kunyamaza Juu ya Ardhi

Story ya maskwota si ngeni kwa vijana wa Mkongani na Msambweni. Lakini unamjua msee aliyeibeba mpaka ndani ya serikali?

Bildad Kaggia alizaliwa 1921. Vita ya Pili ya Dunia alivaa gwanda za Mwingereza, akatumwa Mashariki ya Kati na Uingereza. Akarudi 1946 macho yamefunguka, akaingia vyama vya wafanyakazi, kisha uongozi wa Mau Mau. Oktoba 1952 akadakwa, na 1953 akahukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta: miaka 7, kazi ngumu.

Uhuru ulipofika akawa mbunge wa Kandara na waziri msaidizi. Msimamo wake ulikuwa mmoja: wasio na ardhi wapewe bure. 1964 hiyo kazi ikaisha. 1965 Kenyatta akamsuta hadharani: wenzako wa jela wameomoka, wewe umejifanyia nini?

Kaggia hakupoa. 1966 akaingia KPU ya Jaramogi, akapoteza kiti, na 1968 akafungwa tena. 1969 alirudi KANU, lakini utajiri hakuufuata. Alikuwa na posho mill yake tu. Aliaga 2005.

Lile swali la ardhi? Kwale bado linaulizwa.