Chikungunya: neno la Kimakonde lililozunguka dunia

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni. Kuna neno moja la Kimakonde ambalo limesafiri kuliko Wamakonde wote: chikungunya. Kisiwani Réunion, India na Brazil madaktari wanalitamka hivyo hivyo. Limetoka kwetu Kusini, Newala na Masasi, na historia yake inafika mbali kuliko homa yenyewe. Inafika mpaka kwenye tiba ya jeni za ubongo.

Mwaka 1952, katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, ulilipuka ugonjwa wa ghafla. Mtu mzima kabisa asubuhi, jioni yuko kitandani: homa kali, vipele, na viungo vinavyouma mpaka anajikunja. Wenyeji wakauita kwa jinsi walivyouona, kitu kinachomkunja mtu. Daktari Marion Robinson aliueleza kitabibu, na W.H.R. Lumsden akafuatilia jinsi ulivyoenea. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955.

Lumsden aliona jambo ambalo mtu wa Newala hahitaji kufundishwa: kule juu kwenye uwanda maji ni shida. Watu waliyafuata mbali mabondeni, wakayatunza ndani ya nyumba. Mbu aina ya Aedes aegypti anapenda kutaga kwenye maji ya namna hiyo, na chakula chake kimelala hapo hapo kitandani. Yaani kirusi kilisaidiwa na dhiki ya maji.

R.W. Ross, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika Mashariki iliyokuwa Entebbe, Uganda, alikitenga kirusi hicho mwaka 1953. Njia ya wakati ule ilikuwa kuwadunga panya wachanga damu ya wagonjwa kwenye ubongo, kisha kusubiri.

Taasisi hiyo ya Entebbe ilianza mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Mwaka 1942 watafiti wake walikusanya mbu huko Bwamba, magharibi mwa Uganda, wakapata kirusi kilichoitwa Msitu wa Semliki. Huyo ni ndugu wa damu wa chikungunya, wa ukoo wa alfavirusi. Kwa panya, hushambulia mfumo wa neva.

Sasa angalia maarifa ya ukoo huu. Vinasaba vyake vyote ni herufi elfu kumi na moja na ushee tu. Sehemu ya kwanza inatengeneza mashine ya kunakili, ya pili inatengeneza ganda. Katikati kuna amri fupi, wataalamu wanaiita promota, inayoiambia mashine: anza kunakili hapa. Kwa kirusi kingine cha ukoo huo, Sindbis kilichotoka Misri, ilionekana mwaka 1990 kwamba herufi 24 tu zinatosha kutoa amri hiyo.

Mwaka 1991 Peter Liljeström na Henrik Garoff, huko Sweden, waliziondoa jeni za ganda la kirusi cha Semliki na kuweka jeni nyingine mahali pake. Kirusi kikawa mpagazi. Mwaka 1999 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba mpagazi huyo anaingia vizuri kwenye seli za neva katika vipande vya ubongo wa panya.

Mbona basi hatutibiwi kwa Semliki? Kwanza, kwa kawaida anaiua seli anayoingia. Pili, amri yake ni fupi kwa sababu kirusi kinakuja na mashine yake, kwa hiyo haichagui seli. Wanaotibu neva wakaegemea kirusi kingine kipole, AAV, ambacho kinabeba herufi 4,700 hivi tu. Humo mashine ni ya seli yenyewe, na promota inaweza kuchagua: fanya kazi kwenye neva, nyamaza kwenye ini. Lakini promota za asili za binadamu mara nyingi ni ndefu. Ukiiweka nzima, jeni ya dawa inakosa nafasi. Ndiyo maana kundi la Vancouver, Kanada, likiongozwa na Elizabeth Simpson, lilitangaza mwaka 2010 promota fupi nyingi zilizoundwa makusudi kwa ajili ya ubongo.

Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha Zolgensma, dawa ya AAV kwa watoto wenye ugonjwa wa kurithi unaoua neva za misuli. Sindano moja, bei yake ilipotoka ni zaidi ya dola milioni mbili.

Nikitazama bei hiyo naikumbuka damu ya wagonjwa wa Newala. Sisemi dawa hiyo imetoka kwao, haikutoka. Nasema elimu ya virusi imejengwa pia na watu wa vijijini kwetu, ambao majina yao hayakuandikwa popote, na mbu wa misitu yetu. Wao wamebaki na jina la ugonjwa tu.

Kwa maoni yangu, mtoto wa shule Masasi anastahili kufundishwa historia hii kama anavyofundishwa Vita vya Maji Maji. Ajue kwamba neno la bibi yake liko kwenye vitabu vya tiba vya dunia nzima, na kwamba yeye pia anaweza kuwa mtu wa maabara.

Na wakubwa wasisahau somo la Lumsden. Herufi 24 ni kazi ya wanasayansi. Bomba la maji Newala halihitaji mwanasayansi.