Usiku wa Kusubiri Umeme Old Korogwe

Tuliondoka Dar es Salaam adhuhuri, mwenzangu wa idarani nami, katika gari lake la umeme, tukielekea Moshi. Tulipofika njia panda ya Segera betri ilikuwa imebakiwa na asilimia 14. Tulipoingia Old Korogwe magharibi, asilimia 9. Kituo cha kuchaji hatukukiona. Mama mwenye nyumba ya wageni alitutazama tukichomeka waya kwenye soketi ya chumbani, akasema: "Mwalimu, hiyo si simu. Nunueni uniti zenu za Luku." Tukanunua 40.

Kwa soketi ya kawaida, uniti 40 huchukua saa 17 na zaidi kuingia betrini. Nikapata usiku mzima na asubuhi nzima ya kuutazama mji ambao kwa miaka mingi nimeupita kwa basi, nikiambulia choo na machungwa tu.

Historia ya safari ndefu katika bonde hili la Pangani ni historia ya mahali pa kusimama na ya wenye mahali hapo. Wapagazi wa karne ya 19 waliotoka pwani waliufuata mto kwa sababu ya maji na chakula. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, hakung'ang'ania Vuga, kiti cha baba yake kule mlimani. Aliweka makao Mazinde, tambarare, misafara inakopita, kwa kuwa alitambua kwamba nguvu zimeshuka kutoka mlimani zikaja njiani. Wenye njia walitoza hongo, neno ambalo wakati huo lilimaanisha ushuru wa kupita. Maana yake ya leo nawaachia watumishi wa umma wanaonisoma.

Reli ya Wajerumani ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902: miaka tisa kwa kilometa zipatazo 84. Kampuni iliyoianza iliishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua 1899. Injini ya mvuke nayo ilihitaji maji kama mpagazi, na stesheni ikawa mahali papya pa kusimama. Lakini safari hii mapato yalikwenda kwa mwenye reli. Mwenyeji aliachiwa kuuza ndizi dirishani.

Kisha lami, basi na petroli. Bei ya mafuta ilipopanda duniani tangu 1973, taifa lilibanwa hadi ikafika wakati magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri. Na miaka yote hiyo umeme ulikuwa ukifuliwa jirani. Maporomoko ya Pangani yalianza kazi hiyo katika miaka ya 1930, kwa ajili ya mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Hale, ndani ya Wilaya ya Korogwe, ikafuata 1964 ikiwa na megawati 21. Nyaya zilipita juu ya vijiji vilivyoendelea kuwasha koroboi.

Sasa Ethiopia imepiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli tangu 2024, na Nairobi ina mabasi ya umeme. Nasi tutafika huko. Hata chaja yenye kasi huhitaji nusu saa hivi, muda mrefu kuliko zile dakika 15 za basi za kuchimba dawa. Nusu saa ni sahani ya wali, ni chai, ni fundi viatu kupata mteja. Vituo hivyo vikijengwa ndani ya kuta za kampuni moja, nje kidogo ya mji, mama ntilie atabaki nje ya uzio. Ningependa halmashauri zitenge viwanja karibu na masoko sasa, kabla zabuni hazijatangazwa, kwa maana baadaye ramani huwa imekwisha kuchorwa na mwingine.

Saa saba mchana betri ilisoma asilimia 70: ya kutufikisha Same bila hofu, na Moshi kwa dua. Katika daftari la wageni mama alikuwa amekwisha kuandika, mbele ya namba ya chumba chetu: "gari, uniti 40." Akatuuliza kama wapo wenzetu wengine watakaopita, ili amwite fundi aweke soketi uani.