Kauli ya Kutendwa: Tiba ya Askari Aliyerudi Vitani, Ngara na Biharamulo

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliipatia lugha ya serikali jozi ya istilahi ambazo sasa zimezoeleka katika vibao vya barabarani na katika magazeti. Jozi hiyo ina manufaa yake ofisini. Hata hivyo, kwa anayeichunguza historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo, neno "mbadala" lina utata: kitu hakiwezi kuwa badala ya kingine ambacho bado hakijafika. Mtu aliyerudi vitani akiwa hapati usingizi, akishtuka kwa kila kishindo, akiwakwepa watoto wake mwenyewe, alikuwa na ndugu, wazee na mganga muda mrefu kabla ya kuwa na daktari wa akili.

Vita havikuwa vigeni katika eneo hilo. Wabelgiji waliingia Biharamulo, penye boma la Wajerumani, mnamo Juni 1916. Miaka 62 baadaye, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka kaskazini mwa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tanzania ilijibu kwa jeshi lake la kudumu na kwa mgambo waliokusanywa mikoani, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka huohuo Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao Ngara na Biharamulo zilikuwa sehemu yake, ulipewa jina jipya la Kagera. Vita vile viliacha alama katika msamiati pia. Adui akawa "nduli", na askari akawa "shujaa". Neno hili la pili ni zuri mno kwa marehemu. Zaidi ya 600 kati yao wamelala katika makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba. Kwa aliye hai ni neno zito. Shujaa hatarajiwi kulia usiku. Na itakumbukwa kwamba hata utabibu wa Marekani ulikuwa haujaingiza rasmi ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe katika mwongozo wake wa maradhi ya akili. Uliuingiza mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya Kampala kuanguka.

Je, Kiswahili chenyewe kilikuwa na nini cha kumwambia mtu huyo? Kilikuwa na mengi, lakini yana umbo moja. Mtu hushikwa na kiwewe, hupigwa na bumbuwazi, huingiwa na hofu, hupagawa. Vitenzi vyote hivi vimo katika kauli ya kutendwa. Mgonjwa hatendi, kitu kingine kimemjia na kumtenda. Lugha za Maziwa Makuu zinakwenda njia hiyohiyo. Kubandwa, jina la ibada kongwe iliyoenea kutoka Bunyoro hadi Burundi, nalo ni tendo la kutendwa: kukandamizwa au kushikwa na roho.

Mnorwe Svein Bjerke alichapisha mwaka 1981 utafiti wake kuhusu dini na masaibu miongoni mwa Wazinza, ambao nchi yao ya jadi inaigusa Biharamulo, na humo Bachwezi na roho nyinginezo wana nafasi kubwa. Kabla yake, mwaka 1955, Hans Cory alikuwa ameandika juu ya Buswezi, chama cha namna hiyo kinachojulikana hasa kwa Wasumbwa na majirani zao. Jambo la kuzingatia katika ibada hizi ni kwamba mgonjwa hafukuziwi tu ugonjwa wake. Anaingizwa. Aliyeshikwa hupitishwa katika mafunzo na siri, akapewa jina na ndugu wapya, na mwishowe yeye mwenyewe huwa kinywa cha roho iliyomtesa. Pwani ilikuwa na mwenendo unaofanana na huo katika kupunga pepo, ambako mgonjwa, yaani mwele, aliyekuwa chini ya mganga aliitwa mteja. Leo mteja ni mnunuzi wa dukani au wa benki, na ile simu isiyopokelewa inatuambia kwamba "mteja hapatikani". Zamani alikuwa mtu aliyejikabidhi kwa mganga na kwa kundi zima la waliopona kabla yake. Biashara imerithi neno na kuacha uhusiano.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tiba hizo humchukua mtu kutoka kauli ya kutendwa na kumfikisha kwenye kutenda: aliyeshikwa sasa anasema, anacheza, na siku moja atamwingiza mwingine. Wakoloni na wamisionari waliona ushirikina tu, na wakapitwa na jambo hilo.

Si haki, hata hivyo, kuzipamba tiba hizo kupita kiasi. Mfano wa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda unatosha kuonya. Kwao, roho ya aliyeuawa, cen, humwandama muuaji na ukoo wake hadi atakapotakaswa. Baada ya Januari 1986, serikali ya Kampala ilipopinduliwa, askari wa jeshi lililoshindwa walirudi vijijini. Jeshi hilo lilikuwa limeundwa na wapiganaji walioingia Uganda pamoja na Watanzania mwaka 1979. Mtafiti Heike Behrend ameeleza jinsi wazee walivyoiona cen ya askari hao kuwa chanzo cha misiba ya nchi. Alice Auma, aliyejulikana kwa jina la roho yake, Lakwena, alianza kama mganga. Aliwatakasa askari hao, kisha akawaongoza tena vitani hadi waliposhindwa karibu na Jinja mwaka 1987. Utakaso uliokusudiwa kumtoa mtu vitani ukawa mlango wa kumrudisha.

Ngara ilikutana na suala hili kwa ukubwa usio na kifani. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji. Waliokuwamo si wahanga watupu. Askari na wanamgambo walioua walikuwa hapo, wakipanga foleni ileile ya maji. Baada ya Wanyarwanda kurudishwa mnamo Desemba 1996, Warundi walibaki Lukole kwa miaka zaidi ya kumi. Kihangaza, lugha ya wenyeji, ni ndugu wa karibu wa Kirundi, hivyo mwenyeji na mkimbizi walielewana bila mkalimani. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilichagua jina lenye maana ya kuamini na kutumaini. Huko Rwanda, katika miaka hiyohiyo, walionusurika walianza kuyataja mateso yao kwa neno ihahamuka, linalohusishwa na mapafu na kukatika kwa pumzi.

Kaskazini mwa mpaka, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tiba ya kusimulia ilijaribiwa kwa Wanyarwanda na Wasomali 277. Mgonjwa hutandika kamba chini kama mstari wa maisha yake, akaweka maua kwa mema na mawe kwa mabaya, kisha akasimulia jiwe kwa jiwe. Masimulizi huandikwa na kusomwa kwake tena. Wasikilizaji hawakuwa madaktari bali wakimbizi wenzao waliofunzwa kwa wiki 6. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba, miezi kadhaa baadaye, asilimia 70 hivi ya waliosimulia hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Waliopata ushauri nasaha wa kawaida walifikia asilimia 65. Waliofuatiliwa tu, asilimia 37. Tofauti ndogo kati ya makundi mawili ya kwanza haipaswi kufichwa: pengine kusikilizwa kwa utaratibu kulikuwa na uzito kuliko kamba na mawe.

Lakini mawe hayamtoshi askari. Jiwe ni la aliyetendwa. Wataalamu walipoipeleka tiba hiyo Goma kwa wapiganaji wa zamani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, waliongeza alama ya tatu juu ya kamba: vijiti, kimoja kwa kila tendo la ukatili alilolifanya msimulizi mwenyewe. Kwa mawe alisema nilipigwa, nilichukuliwa, nilitekwa. Alipofika kwenye kijiti, ilimlazimu kusema nilipiga.