Enoch Powell: Mbunge Aliyekipa Chama Chake Kisogo

Usiku wa tarehe 27 Julai 1959, Bunge la Uingereza lilipokuwa likijadili vifo vya mahabusu 11 waliopigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, mwezi Machi mwaka ule ule, aliinuka katika safu za chama tawala cha Conservative mbunge wa Wolverhampton, Enoch Powell, akailaumu serikali ya chama chake mwenyewe, akisema kuwa haijuzu kuwa na mizani moja ya haki kwa Mwingereza na nyingine kwa Mwafrika. Sisi ambao Hola ni jirani yetu tuna sababu ya kuikumbuka hotuba ile, maana hapo awali serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza kwamba marehemu wale walikufa kwa maji waliyokunywa.

Powell, mzaliwa wa Birmingham, aliyekuwa profesa wa Kiyunani huko Sydney akiwa na umri wa miaka 25, hakuwa mtu wa kufuata mkumbo; Januari 1958 alikwisha kujiuzulu wadhifa wake katika Hazina kwa kupinga matumizi ya serikali.

Wala doa lake halifichiki. Tarehe 20 Aprili 1968, mjini Birmingham, alitoa hotuba dhidi ya wahamiaji iliyowatia hofu watu weusi na Wahindi, ambao miongoni mwao wamo waliotoka Kenya miezi michache tu kabla, na kesho yake Edward Heath, kiongozi wa chama, akamwondoa katika baraza lake kivuli. Aliyewatetea maiti wa Hola aliwanyima walio hai taadhima ile ile, nami simtafutii udhuru.

Lakini lililomfarakanisha na chama chake moja kwa moja ni Soko la Pamoja la Ulaya. Hapo kwanza aliliunga mkono, akilihesabu kuwa jambo la biashara. Alipobaini kwamba sheria za Soko zingekuwa na nguvu kuliko sheria za Bunge, akashika rai kwamba mamlaka ya Bunge ni amana ya raia, na mbunge aliyekabidhiwa amana hana idhini ya kuikabidhi kwa mwingine. Tarehe 17 Februari 1972 mswada wa kujiunga ulivuka hatua ya kusomwa mara ya pili kwa kura 309 dhidi ya 301, naye Powell akiwa pamoja na wapinzani.

Heath alipoitisha uchaguzi wa Februari 1974, Powell alikataa kugombea, na siku tatu kabla ya kura, mbele ya halaiki ya watu huko Shipley, akawahimiza wapiga kura wakiendee chama cha Labour, kwa kuwa ndicho kilichoahidi kuwauliza wananchi wenyewe. Sauti moja ikapaa ikimwita Yuda. Powell akaigeukia kwa ghadhabu, akajibu kwamba Yuda alilipwa, ilhali yeye anatoa kafara. Labour ilipata viti 301, Conservative 297. Heath akatoka madarakani.

Wananchi waliulizwa tarehe 5 Juni 1975, na asilimia 67 wakachagua kubaki. Powell, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa South Down, Ireland ya Kaskazini, hakuibadili rai yake hadi alipofariki Februari 1998. Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya, mrithi wa Soko lile, tarehe 31 Januari 2020, chini ya serikali ya Conservative, chama kile kile alichokiacha.