Ndege ya Rangi ya Fedha, na Watu Waliokuwa Chini Yake

Mara hii kikundi chetu kinawaletea historia, na imeanzia kwenye kitu ambacho wengi mmekiona pale maktaba ya vijana: modeli ya ndege ya vita, ya kuongozwa kwa rimoti, inayong'aa kama sufuria mpya. Wengine mmetuuliza waziwazi: kwa nini watu waliokimbia vita wajenge ndege ya vita? Swali ni la haki. Hebu tulijibu polepole.

Ndege yenyewe inaitwa Saab J 29, ya Uswidi. Kwao waliipa jina la Tunnan, yaani pipa, kwa sababu ya tumbo lake nene. Iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Septemba 1948, na zilitengenezwa 661. Wanamodeli wengi duniani wangechagua Mustang ya Marekani au Spitfire ya Uingereza. Sisi tulichagua hili pipa kwa sababu moja tu: lilipita juu ya vichwa vya wazee wetu. Wazee wa Katanga wakisema "ndeke ya ONU", wanasema habari hizi.

Tukumbushane kidogo. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Katanga ndiko iliko shaba, na kujitenga huko kuliungwa mkono na Wabelgiji wenye maslahi ya madini, kisha wakaja mamluki. Umoja wa Mataifa nao ulikuwa umetuma askari, katika operesheni iliyoitwa ONUC. Septemba 1961 wakaanza kupigana.

Katanga ilikuwa na jeti ndogo aina ya Fouga Magister, iliyotengenezwa Ufaransa. Ilikuwa ndege ya kufundishia marubani, si ya kutisha. Lakini UM haukuwa na hata jeti moja ya vita huko, kwa hiyo ile moja ilitosha kuwa mfalme wa anga. Iliwashambulia askari wa Ireland waliozingirwa Jadotville, mji tunaouita Likasi leo, kati ya tarehe 13 na 17 Septemba. Usiku wa kuamkia tarehe 18, ndege iliyombeba Katibu Mkuu wa UM, Dag Hammarskjöld, raia wa Uswidi, ikaanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Hakupona mtu.

Ndipo UM ukaomba ndege za vita. Ethiopia ilileta Sabre, India ikaleta Canberra, na Oktoba 1961 Uswidi ikaleta Tunnan 5. Mwaka uliofuata zikaongezwa nyingine. Zilikaa Luluabourg, yaani Kananga ya leo, na baadaye Kamina. Zilipigana Desemba 1961, kisha tena mwisho wa Desemba 1962, ziliposhambulia uwanja wa ndege wa Kolwezi na kuharibu ndege za Katanga zikiwa chini. Katikati ya Januari 1963 Tshombe alikubali kwamba kujitenga kumekwisha, na tarehe 21 askari wa UM wakaingia Kolwezi.

Sasa turudi kwenye rangi, maana hapo ndipo modeli ilipotufundisha.

Mtu anayejenga modeli sawasawa hapaki tu rangi anayoipenda. Lazima ajiulize: hii ni ndege ya siku gani? Vita Kuu ya Pili ilipoanza, ndege nyingi za vita zilipakwa kijani na kahawia ili zisionekane. Kuelekea 1944 Wamarekani wakaanza kuziacha nyingi na chuma chao kitupu kiwandani. Rangi ina uzito, ina gharama, inakula muda. Na zaidi ya hayo, walikuwa wanashinda angani, hawakuwa na haja kubwa ya kujificha. Kung'aa ni lugha ya mwenye nguvu. Anayejificha ni yule anayeogopa kupigwa.

Tunnan nazo zilifika Kongo ziking'aa, chuma kitupu, zikaandikwa ONU. Baadaye, zikiwa kazini, zikapakwa rangi za kuficha. Kwa hiyo ukiiona Tunnan ya Kongo ina rangi ya fedha, ujue ni ya siku za mwanzo. Ukiiona ina madoa ya kijani, vita vimeshaizoea. Rangi ya ndege ni tarehe. Sisi tulichagua Oktoba 1961.

Tuliijengaje? Mwili tuliuchonga kwenye lile povu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni. Ndani ya tumbo kuna bomba lenye feni ndogo ya umeme, na hapo unene wa pipa unasaidia kweli, nafasi iko ya kutosha. Rimoti, betri na mota zote ni za mitumba. Juu ya povu tulilaza kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo na gundi, tukaziba mashimo kwa puti, tukapiga msasa, puti tena, msasa tena. Kazi ya mng'ao ni kazi ya msasa. Rangi ya fedha haifichi kosa hata moja, kila mkwaruzo unaonekana kwenye mwanga kama kovu usoni.

Kuna njia mbili za kupata chuma. Moja ni kupulizia rangi nyeusi inayong'aa kwanza, halafu rangi ya alumini juu yake, kidogokidogo. Nyingine ni kubandika karatasi ya alumini yenye gundi, kipande kwa kipande, kama kilivyo kipande cha bati kwenye ndege ya kweli. Na hata ndege za kweli zilichanganya: Mustang ilikuwa na mwili wa chuma kitupu, lakini mabawa yake yalipakwa puti na rangi ya fedha ili upepo upite laini. Kumbe si kila king'aacho ni chuma!

Sisi tulibandika alumini. Fundi mmoja wa kuezeka alitupa somo bora kuliko video zote: anza nyuma uje mbele, ili kipande cha mbele kilalie cha nyuma, kama mabati ya nyumba yanavyolaliana mvua isiingie. Kwa ndege, mvua yenyewe ni upepo. Ribiti tuliziweka alama kwa ncha ya kibomba chembamba, moja moja. Kisha tukasugua vipande kwa stilwaya laini ya sufuria, kimoja kwa urefu, cha jirani kwa upana, ili kila bati lishike mwanga kivyake. Hapo ndipo modeli inaacha kuwa midoli.

Ila alumini ina masharti yake. Kwanza, uzito: ukiongeza alumini mkiani, ndege inakaa matako chini, na ndege iliyozidiwa nyuma hairuki vizuri hata rubani awe nani. Betri ilibidi isogezwe mbele kabisa. Pili, chuma kinaziba mawimbi ya redio. Ukiifunga ndege yote kwa alumini na antena ikabaki ndani, haisikii tena rimoti yako. Antena lazima itoke nje ya lile ganda linalong'aa.

Tulilizungumza hilo jambo la antena jioni nzima, kwa sababu linafanana na historia yenyewe. Vitabu vya ndege vinakupa idadi ya mizinga, kasi, majina ya marubani. Vinang'aa. Lakini sauti ya waliokuwa chini haiingii.

Nani alikuwa chini? Mwaka uleule wa 1961, mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulikuwa na kambi. Ndiyo, kambi kama hii yetu. Baluba waliokuwa wakiteswa na serikali ya Katanga walikimbilia kwa askari wa UM, na ndani ya wiki chache walikuwa zaidi ya 30,000. Waliolinda pale ni pamoja na askari wa Uswidi, ndugu zao wale waliorusha mapipa ya fedha. Watu walijenga vibanda kwa chochote walichopata, wakasubiri. Katika 1962 wakasafirishwa kwenda Kasai na kaskazini ya Katanga.

Kwa watu wa kambi ile, ndege yenye ONU ilikuwa kinga. Kwa wakaaji wengine wa mji uleule, ilikuwa hofu: madaktari 46 wa Elisabethville walitoa kijitabu wakiushutumu UM kwa mashambulizi yaliyogusa raia. Ndege moja, mji mmoja. Hatuwezi kusimulia upande mmoja tukasema tumemaliza.

Hakuna Tunnan iliyotunguliwa Kongo. Lakini ONUC ilipofika mwisho 1963, baadhi yake ziliharibiwa palepale kituoni, maana kuzirudisha Uswidi kungegharimu kuliko thamani yake. Mng'ao wote ule ukaishia kuwa vyuma chakavu.

Kuhusu kuirusha yetu, tumebishana sana. Wapo waliosema, "Si ndege tu jamani, mota imejaribiwa, twende uwanjani." Wengine wakasema kuna watoto hapa ambao wakisikia mlio angani wanaingia chini ya kitanda. Na si ndege za zamani tu. Desemba 2013 UM ulirusha droni zake za kwanza kutoka Goma, zisizo na silaha, kutazama kinachoendelea Kivu. Droni na modeli yetu ni ukoo mmoja: chombo kiko juu, anayekiongoza yuko mbali. Mtoto aliye chini hajui ya nani ina kamera, ya nani ina bomu, na ya nani ni ya vijana wa maktaba.

Tulikubaliana hivi: haitaruka juu ya makazi ya watu. Ikiruka, itakuwa kwa ruhusa ya uongozi wa kambi na ya mamlaka ya anga ya nchi iliyotupokea, mahali pa wazi, na matangazo yatolewe mapema kila bloku kwa lugha zote. Hadi siku hiyo inabaki mezani, na kando yake tumeweka karatasi yenye mambo mawili: habari za ndege, na habari za kambi ya Elisabethville. Karatasi zote mbili zina urefu sawa.

Hilo ndilo jibu letu kwa mliouliza. Tumeijenga ili tuishike mkononi na kuigeuza pande zote, kitu ambacho wazee wetu hawakuweza kufanya ilipopita juu yao. Kama nyumbani kwenu yuko babu au bibi aliyeishi Likasi, Kolwezi, Kamina au Lubumbashi miaka ile, mwulizeni aliona ndeke ya rangi gani, na alikimbilia wapi. Tuleteeni maneno yake. Karatasi ya tatu bado ni tupu.