Geji ya Mafuta kati ya Detroit, London na Wolfsburg

Wanaofufua magari ya zamani wengi hupitia jambo hili: geji ya mafuta imekufa, wananunua mpya inayotoshea tundu la dashibodi, wanaifunga, na mshale unaanza kusema uongo. Geji haina kosa. Floti iliyomo tangini nayo haina kosa. Vimefungwa pamoja vifaa viwili vilivyolelewa kwa desturi mbili tofauti, na hakuna aliyeuliza kama vinaelewana.

Floti ni mkono wenye boya. Mafuta yakipanda au kushuka, mkono hubadilisha ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu, na geji husoma ukinzani huo. Tangi tupu liwe na omu ngapi? Maumbile hayana jibu. Kila kiwanda kilijiamulia.

General Motors, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, walichagua omu 0 kwa tangi tupu na 90 kwa lililojaa. Kabla ya hapo walitumia 0 hadi 30. Jirani zao Ford, na Chrysler pia, walikwenda upande wa pili kabisa: takriban 73 tangi likiwa tupu, 10 likijaa. Volkswagen walipoiwekea Beetle geji ya umeme kwa magari ya mwaka 1968, waliangukia upande huo wa Ford. VDO, watengenezaji wa geji wa Ujerumani, wana vifaa vinavyotoka 10 hadi 180, ukinzani ukipanda pamoja na mafuta kama kwa General Motors. Na geji nyingi za Marekani zinazouzwa kwa ajili ya gari lolote hufuata 240 kwa tupu na 33 kwa kujaa.

Chukua sasa Chevrolet, gari la General Motors, ya mwaka 1970 na uifungie geji hiyo ya 240 hadi 33. Ukijaza tangi, floti hutoa omu 90, na mshale husimama juu kidogo ya nusu. Unaendesha, mafuta yanapungua, omu zinapungua nazo, na mshale unapanda. Tangi likikauka, geji inasema limejaa pomoni. Kuongeza rezista kwenye waya hakusaidii, kwa sababu rezista hubadilisha kiasi tu, haigeuzi mwelekeo.

Hata pale mwelekeo unapolingana, njia ya mkato ina gharama yake. Mwenye geji ya zamani ya General Motors, ile ya 0 hadi 30, aliyepata floti ya 0 hadi 90, anaweza kuunga rezista ya omu 45 sambamba na floti. Hesabu inakubali kwenye ncha zote mbili: tupu ni tupu, na 90 sambamba na 45 ni 30 kamili. Lakini tangi likiwa nusu, floti ina 45, nazo 45 mbili sambamba ni 22.5, yaani mshale uko robo tatu. Ncha zinasema kweli, katikati panadanganya, na dereva huamua wapi ajaze mafuta kwa kutazama katikati.

Tofauti inayonivutia zaidi hujitokeza waya unapokatika. Geji huona ukinzani usio na mwisho. Kwa desturi ya General Motors, omu nyingi ni mafuta mengi; mshale unavuka alama ya kujaa. Kwa desturi ya Ford, omu nyingi ni ukavu. Mshale unalala chini. Ethi yenye kutu hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo: huku inaongeza mafuta yasiyokuwepo, kule inayapunguza. Katika hili nawaunga mkono Ford bila kusita. Chombo kilichopoteza habari ni heri kimtie dereva hofu kuliko kumpa matumaini.

Lakini General Motors wana hoja nzito upande wao. Geji yao hutumia koili mbili zinazovutana, na mshale hufuata uwiano wa nguvu zake, kwa hiyo betri ikilegea kidogo usomaji haubadiliki sana. Ya Ford hupasha joto utepe wa metali mbili unaojikunja. Huo hautikisiki mafuta yakiyumba kwenye kona, ila hudai volti zisizobadilika, na ndiyo maana Ford waliweka kidhibiti kinachotoa wastani wa volti 5 hivi. Uingereza, watengenezaji wa geji Smiths walianza na koili, kisha katika miaka ya 1960 wakahamia kwenye joto, na kidhibiti chao ni cha volti 10. MGB na Land Rover za Series zimepitia zama zote mbili, na ndiyo sababu jina la Smiths kwenye uso wa geji pekee halitoshi kumhakikishia fundi kwamba inaiva na floti iliyopo. Dalili moja imsaidie: geji ya mafuta na ya joto la injini zikipotoka kwa pamoja, aanze na kidhibiti kabla ya kufungua tangi.

Na wapo waliokwepa umeme kabisa. Ford Model T ilipimwa kwa kijiti kilichochovywa tangini chini ya kiti. Citroën 2CV za mwanzo nazo zilitumia kijiti. Beetle za miaka ya 1950 zilikuwa na koki ya akiba: injini ikianza kukohoa, dereva aligeuza koki kwa mguu akapata lita 5 hivi za kumfikisha kituoni. Hapo hapakuwa na cha kulinganisha na chochote, na sioni ushamba wowote ndani yake.

Kwa mwenye gari la zamani leo, ushauri wangu ni mmoja. Kabla ya kulipia geji, chomoa waya wa floti, pima kwa mita tangi likiwa tupu na likiwa limejaa, andika namba hizo mbili, kisha umuulize muuzaji kama geji yake inazifuata kwa mpangilio huohuo. Asipojua, usinunue.