Haki ya Kuchagua na Haki ya Kupendekezwa: Sheria za Uchaguzi wa Viongozi wa Vijiji kutoka Jumbe wa Tanga hadi Mwenyekiti wa Kijiji

Mwanakijiji wa Maramba, chini ya milima ya Usambara Mashariki katika Wilaya ya Mkinga, anapohitaji barua ya utambulisho, kipande cha shamba au usuluhishi wa ugomvi wa mpaka, safari yake huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji. Kwa sababu hiyo, sheria inayoamua nani anaweza kushika nafasi hizo ina uzito mkubwa katika maisha ya kila siku kuliko inavyodhaniwa. Makala haya yanajadili historia ya sheria hizo na kutoa hoja kwamba, katika kila kipindi, haki ya kuchagua imetenganishwa na haki ya kumpendekeza anayechaguliwa. Haki ya kwanza imepanuka hatua kwa hatua. Ya pili imebaki nje ya mkutano wa kijiji.

Utawala wa Wajerumani uliikuta pwani ya Tanga ikiwa na majumbe waliotambuliwa na watu wao, ukawageuza kuwa ngazi ya chini ya boma. Juu yao aliwekwa akida, aliyesimamia kundi la vijiji, kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Akida alikuwa mteule wa boma, na mara nyingi hakuwa mzaliwa wa eneo alilolitawala. Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, waliuacha mfumo huo na kutunga Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyodai kuurejesha uongozi wa jadi. Hata hivyo, kiongozi wa jadi alikuwa halali kisheria pale tu serikali ilipomtambua. Mila ilitoa jina, lakini idhini ilitoka kwa mkoloni.

Katika ukanda wa Maramba suala hilo lilikuwa na ugumu wa ziada. Mashamba ya mkonge yalileta manamba kutoka sehemu za mbali, wakaishi katika kambi zilizokuwa juu ya ardhi ya mwajiri, jirani na vijiji vya Wadigo, Wabondei na Washambaa. Uongozi uliojengwa juu ya ukoo na kabila haukuwa na nafasi iliyo wazi kwa watu hao. Swali la nani ni mwanakijiji, ambalo sheria za baadaye zililijibu kwa kigezo cha ukazi na umri, lilikuwa tayari limezaliwa katika mistari ya nyumba za mkonge.

Baada ya uhuru, serikali iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, na TANU ikajenga mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi. Mwaka 1972 mpango wa Madaraka Mikoani ulivunja halmashauri za wilaya. Katika mazingira hayo ilitungwa Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, Na. 21 ya mwaka 1975. Kwa mara ya kwanza kijiji kilipewa hadhi kamili ya kisheria: mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na halmashauri ya kijiji iliyochaguliwa na mkutano huo. Mkazi wa asili na mhamiaji waliwekwa katika daraja moja. Hata hivyo, sheria hiyohiyo ilimfanya mwenyekiti wa tawi la TANU kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji, na katibu wa tawi kuwa katibu wake. Mkutano ulichagua wajumbe, lakini kiti cha juu kilijazwa kwa taratibu za chama.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, ilirejesha halmashauri za wilaya na ndiyo msingi wa kijiji cha leo. Inautaja mkutano mkuu kuwa chombo chenye mamlaka ya juu katika sera za kijiji, chenye uwezo wa kuchagua halmashauri ya kijiji na kumwondoa mjumbe mmoja au wote. Halmashauri yenyewe ina wajumbe kati ya 15 na 25. Thamani ya mamlaka hayo iliongezeka kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inayoikabidhi halmashauri usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji na kuikataza kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Pale ambapo shamba la familia limepakana na mkonge, anayeitisha mkutano huo na kuuongoza si kiongozi wa heshima tu.

Mageuzi ya mwaka 1992 yaliruhusu vyama vingi, lakini hayakurudisha haki ya kupendekeza kwa wanakijiji. Mgombea uenyekiti lazima adhaminiwe na chama cha siasa. Mkazi anayeaminiwa na jirani zake wote, ila hana kadi ya chama, anaruhusiwa kupiga kura na kukatazwa kupigiwa. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti la aina hiyo mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama ya Rufani ililiacha suala hilo kwa Bunge mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba katazo la mgombea binafsi, pamoja na katika serikali za mitaa, linakiuka Mkataba wa Afrika.

Kizuizi cha pili kimo katika kanuni. Uchaguzi wa vijiji umeendeshwa kwa kanuni za waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na kusimamiwa na watumishi wa umma, nje ya tume ya uchaguzi. Fomu ya mgombea hukaguliwa na watumishi hao. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa katika hatua hiyo, CHADEMA, ACT-Wazalendo na vyama vingine vikajitoa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Na. 2 ya mwaka 2024, ilifungua mlango wa tume kusimamia chaguzi hizi, lakini uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 bado uliendeshwa chini ya TAMISEMI.

Inaweza kudaiwa kwamba vyama hukuza nidhamu na kwamba wizara inavifahamu vijiji kuliko tume. Madai hayo yana mantiki ya kiutawala, lakini hayaelezi kwa nini mkutano wenye uwezo wa kisheria wa kumwondoa mwenyekiti ukose uwezo wa kumpendekeza. Kutoka boma hadi tawi la chama, na kutoka tawi hadi meza ya kukagua fomu, aliyebadilika ni mlinzi wa mlango. Mageuzi yatakayohamisha usimamizi kwenda kwa tume bila kugusa sharti la udhamini wa chama yatakuwa yamejibu nusu ya swali.